Kuweka swapu kwenye flashi ya USB kwa ruta ya nyumbani yenye OpenWrt

Ruta yenye RAM ya MB 64 au 128 hubeba intaneti ya nyumba nzima bila kulalamika, mpaka siku unapoiongezea kazi: kuzuia matangazo, VPN, seva ndogo ya mafaili, grafu za matumizi. Hapo ndipo kurasa zinapogoma kufunguka ilhali taa zote zinawaka, ukurasa wa mipangilio unaganda, na ukizima na kuwasha mambo yanatengemaa kwa saa kadhaa tu. Mara nyingi ni RAM iliyoisha. Keneli ya Linux (kiini cha mfumo) ikikosa nafasi huchagua programu moja na kuiua, na kwa kawaida huanguka iliyokula kumbukumbu nyingi kuliko zote. Kama hiyo ni dnsmasq, inayojibu maombi ya DNS (kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba), basi nyumba nzima inaona "intaneti imekatika" ingawa laini ni nzima.

Swapu ni eneo la diski ambamo keneli huhamishia kurasa za kumbukumbu zisizoguswa kwa muda, ili RAM ibaki kwa zinazofanya kazi. Kwenye ruta, diski hiyo ni flashi iliyochomekwa kwenye USB. Mwongozo huu ni wa ruta zenye OpenWrt (mfumo huria wa Linux unaowekwa badala ya ule wa kiwandani) na poti ya USB, mfano TP-Link Archer C7 v2 au GL.iNet GL-MT300N-V2, zote za RAM MB 128. Mfumo wa kiwandani usiokupa terminali haufai kwa kazi hii, na kubandika OpenWrt kwenyewe ni somo jingine.

Kwanza hakikisha ugonjwa ni huo

Ingia kwenye ruta kutoka kompyuta iliyounganishwa kwa waya:

```
ssh root@192.168.1.1
free
```

`free` huonyesha namba kwa KB. Usitishwe na safu ya `free` ikiwa ndogo. Linux hutumia RAM iliyolala kama akiba ya mafaili na kuiachia inapohitajika. Safu ya kutazama ni `available`. Ikibaki chini ya KB 10,000 wakati nyumba imejaa watu, uko pembeni mwa shimo. Kisha tafuta ushahidi wenyewe:

```
logread | grep -i "out of memory"
dmesg | grep -i "killed process"
```

Ukikuta mstari unaosema programu fulani imeuawa, jina lake lipo kwenye mabano. Logi za OpenWrt hukaa kwenye RAM, kwa hiyo ukishazima ruta ushahidi umepotea nao. Kama ruta hujiwasha upya yenyewe, acha `logread -f` ikiendelea kwenye kompyuta, au tuma logi kwenye mashine nyingine kwa kuweka anwani yake katika `system.@system[0].log_ip`.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosa. Swapu huhamisha kumbukumbu za programu za kawaida na mafaili yaliyo ndani ya `/tmp`, lakini haigusi kumbukumbu ya keneli yenyewe. Jedwali la miunganisho, bafa za pakiti na bafa za draiva ya WiFi hubaki kwenye RAM hata ukichomeka flashi ya GB 64. Ruta yenye chipu ya WiFi inayotumia draiva ya ath10k na RAM ndogo inaweza kuishiwa kwa sababu ya draiva tu. Dawa yake ni kubadilisha `kmod-ath10k-ct` na kuweka `kmod-ath10k-ct-smallbuffers`. Wala swapu haiongezi kasi ya intaneti, na haiongezi nafasi ya kuweka programu. Ukitaka nafasi ya programu, unachotafuta kinaitwa extroot, na hicho ni kitu kingine ingawa nacho hutumia flashi ileile.

Swapu inafaa pale wanaokula RAM ni programu kama adblock yenye orodha ndefu, banIP, AdGuard Home, Tailscale, Samba, au opkg yenyewe (kisakinishi cha programu cha OpenWrt) inapopakua orodha zake kwenye `/tmp`. Hao wote wana kurasa nyingi wanazozishika mara moja na kuzisahau.

Anza na zram

Kabla hujanunua flashi, jaribu kifurushi cha `zram-swap` (vifurushi hapa ni vya programu, si vya data). Zram hutenga sehemu ya RAM, hubana kurasa zilizolala na kuzihifadhi humohumo. Bila mipangilio yoyote huchukua nusu ya RAM kama kikomo, lakini haili yote. Hukua kadiri inavyojazwa.

```
opkg update
opkg install zram-swap
```

Matoleo ya OpenWrt hadi 24.10 hutumia opkg. Mapya zaidi yamehamia apk; huko andika `apk update` na `apk add zram-swap`, na ubadilishe vivyo hivyo kila mahali utakapoona opkg hapa chini.

Kwa ruta nyingi za MB 128, hii peke yake humaliza tatizo, haina kifaa cha kufa, na haichukui poti ya USB. Kaa nayo siku mbili tatu. Programu zikiendelea kuuawa ndipo uje kwenye USB, na hata hapo usiiondoe: zram iwe mstari wa mbele, flashi iwe ghala la nyuma.

Flashi gani

Ukubwa si hoja. Flashi ya GB 8 imepita kiasi. Hoja ni ubora wa kuandika vipande vidogovidogo, kwa sababu swapu husoma na kuandika kurasa za KB 4 zilizotawanyika. RAM hujibu kwa nanosekunde, flashi ya bei ya chini hujibu kwa milisekunde, na zile zinazouzwa kwa rundo huzidi kuwa nzito kadiri zinavyochakaa. Seli za flashi zina idadi ya mara zinazoweza kuandikwa, na swapu inayofanya kazi mchana kutwa huzila.

Kwa mpangilio wa upendeleo: SSD ndogo kwenye kasha la USB, kisha kadi ya microSD ya aina inayotengenezwa kwa kamera za ulinzi ikiwa ndani ya kisomaji, kisha flashi ya kampuni inayojulikana. Flashi bandia zenye maandishi ya GB 64 na uwezo halisi wa GB 8 zimejaa sokoni. Hizo hukubali kuandikwa bila kosa na kurudisha takataka, jambo ambalo kwenye swapu ni sawa na kuziharibu programu kichwani. Ipime kwanza kwenye kompyuta kwa `f3write` na `f3read` ukiwa Linux, au H2testw ukiwa Windows.

Diski ya kuzunguka ya inchi 2.5 inafanya kazi, lakini angalia umeme. Poti ya USB 2.0 inaahidi miliampea 500 na ya USB 3.0 miliampea 900. Diski nyingi huvuta zaidi ya hapo zinapoanza kuzunguka, na ruta yenye adapta dhaifu hujizima papo hapo. Kama poti yako ni moja na tayari ina modemu ya 4G, utahitaji habu ya USB yenye adapta yake. Usigawanye miliampea 500 kati ya modemu na flashi: modemu ikianza kutuma kwa nguvu, flashi hudondoka, na swapu nayo.

Poti ya USB 3.0 ina tabia nyingine: kelele zake za redio huangukia kwenye masafa ya GHz 2.4. Ukiona WiFi ya GHz 2.4 imekuwa mbovu tangu ulipochomeka kifaa, tumia waya wa kurefusha wenye kinga nzuri ukiweke mbali na antena, au tumia kifaa cha USB 2.0. Kwa swapu hutapoteza kitu cha maana.

Kiasi cha swapu

RAM MB 64, weka MB 128 hadi 256. RAM MB 128, weka MB 256. RAM MB 256, weka MB 512 na usizidi. Keneli hutunza rekodi ya angalau baiti 1 kwa kila ukurasa wa KB 4 wa swapu, na rekodi hiyo inakaa kwenye RAM: GB 1 ya swapu inakula angalau KB 256 hata ikiwa tupu. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Ruta inayohitaji kweli GB 1 ya swapu itakuwa inasubiri flashi muda wote, na ruta inayosubiri haina tofauti na iliyokufa. Afadhali programu moja iuawe na uijue.

Vifurushi

Tazama nafasi ya ndani kabla ya kusakinisha:

```
df -h /overlay
```

Uwe na angalau MB 1 iliyo wazi. Kama utahitaji pia zana za ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), MB 2. Halafu:

```
opkg update
opkg install kmod-usb-storage block-mount swap-utils fdisk usbutils
```

Kifaa chako kikiwa ni SSD kwenye kasha la USB 3.0, ongeza `kmod-usb-storage-uas`. Draiva za poti zenyewe, kama `kmod-usb2` au `kmod-usb3`, kwa kawaida zimo tayari kwenye imeji (faili la mfumo linalobandikwa kwenye ruta) ya ruta yenye USB.

Hapa ndipo ruta ndogo zinapokwama: `opkg update` yenyewe inakula RAM na kuuawa kabla hujaweka dawa. Ukiwa kwa waya, punguza mzigo kwa muda:

```
wifi down
service uhttpd stop
```

na uzime adblock au chochote kizito, kisha ujaribu tena. Ikishindikana, nenda firmware-selector.openwrt.org, chagua ruta yako, fungua sehemu ya kubadilisha vifurushi, ongeza majina yale matano, na ujengewe imeji iliyo nayo ndani. Njia hii ina faida nyingine: vifurushi vilivyojengwa ndani ya imeji hubanwa vizuri zaidi kuliko vilivyoongezwa baadaye, hivyo ruta yenye hifadhi ya MB 8 hupumua.

Ukiambiwa kwamba kifurushi cha `kmod-` hakiendani na keneli, maana yake ni kwamba mfumo ulio kwenye ruta hautoki kwenye hazina ileile unayopakulia. Hutokea kwenye imeji za majaribio zilizopitwa na wakati na kwenye OpenWrt iliyobadilishwa na mtengenezaji. Usilazimishe. Pandisha mfumo kwanza.

Kugawa flashi

Chomeka flashi, subiri sekunde kumi, kisha:

```
lsusb
dmesg | tail -n 20
block info
```

Unatafuta jina kama `sda` kwenye `dmesg`. Kama `lsusb` inaiona flashi lakini `/dev/sda` haipo, `kmod-usb-storage` haijapakiwa. Kama hata `lsusb` haiioni, ni umeme, poti au flashi yenyewe.

Kila kilichomo kwenye flashi kitafutika kuanzia hapa. Hakikisha pia kuwa haijapachikwa mahali (mfumo haujaifungua kwa mafaili). `mount | grep sda` isilete kitu, na ikileta, ondoa kwa `umount`.

```
fdisk /dev/sda
```

Ndani ya fdisk bonyeza herufi hizi, Enter baada ya kila moja: `o` kuunda jedwali jipya, `n` patisheni (kipande cha diski) mpya, `p`, `1`, Enter tupu kwa mwanzo, `+256M` kwa mwisho. Ikiuliza kama ifute alama ya zamani, kubali. Kisha `t` na `82`, ambayo ndiyo namba ya swapu ya Linux. Ukitaka sehemu iliyobaki itumike kwa mafaili, rudia `n`, `p`, `2` na Enter mbili. Mwishowe `w` kuandika. Bila `w` hakuna lililofanyika.

Inawezekana kuruka hatua hii na kuifanya flashi nzima kuwa swapu bila patisheni. Itafanya kazi. Ila siku mtu atakapoichomeka kwenye Windows ataombwa aifomati, na watu hubonyeza ndiyo bila kusoma.

Kuiwasha

```
mkswap /dev/sda1
swapon /dev/sda1
cat /proc/swaps
```

Ukiona mstari wa `/dev/sda1` wenye ukubwa wa 262140, uko sawa. Ni KB 262,144 za MB 256 ukiondoa ukurasa mmoja wa KB 4 unaobeba kichwa cha swapu.

Makosa ya hatua hii na maana zake. `Invalid argument`: `mkswap` haijafanyika kwenye patisheni hiyo, au umekosea namba ya patisheni. `Resource busy`: tayari imewashwa, au imepachikwa kama diski ya mafaili. `Function not implemented`: keneli imejengwa bila swapu kabisa, jambo la kawaida kwenye imeji za ruta zenye hifadhi ndogo mno ya ndani. Kwa hilo la mwisho hakuna kifurushi kitakachokuokoa. Ruta za hifadhi MB 4 na RAM MB 32 ziliishia kwenye OpenWrt 19.07, na ni heri pesa ya flashi iende kwenye ruta nyingine.

Sasa ifanye iwake yenyewe kila ruta inapowashwa. Pata UUID yake, yaani namba ya kipekee ya kuitambua:

```
block info /dev/sda1
```

Mstari wa majibu uwe na `TYPE="swap"` na `UUID=`. Ikiwa UUID haimo, `mkswap` iliyotumika ni ile iliyopunguzwa ya BusyBox. Hakikisha `swap-utils` imesakinishwa, zima kwa `swapoff /dev/sda1`, rudia `mkswap`. Tumia UUID badala ya `/dev/sda1` kwa sababu herufi hugawiwa kwa kufuata nani kafika kwanza: siku utakapochomeka flashi ya pili, ya swapu inaweza kuitwa `sdb`.

Angalia kwanza kilichomo kwenye fstab, orodha ya diski na swapu za kuwashwa ruta inapowaka:

```
uci show fstab
```

Kama tayari kuna kipengele cha swap chenye UUID ileile na `enabled='0'`, kigeuze kiwe 1 badala ya kuongeza kingine. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya swapu kuwaka kwa mkono na kukataa baada ya kuwasha upya. Kama hakuna, ongeza:

```
uci add fstab swap
uci set fstab.@swap[-1].uuid='bandika-UUID-hapa'
uci set fstab.@swap[-1].enabled='1'
uci set fstab.@swap[-1].priority='1'
uci set fstab.@global[0].auto_swap='1'
uci commit fstab
service fstab enable
```

`auto_swap` ni kwa ajili ya flashi zinazochelewa kuamka. Ruta ikishamaliza kuwaka na flashi ikatokea baadaye, mstari huo ndio unaoiruhusu ipokelewe. Wanaopenda kubofya watakuta mipangilio hiyohiyo kwenye LuCI (ukurasa wa mipangilio wa OpenWrt), menyu ya System, ukurasa wa Mount Points, sehemu ya SWAP.

Jaribu bila kuzima ruta:

```
swapoff /dev/sda1
service fstab boot
cat /proc/swaps
```

Kisha `reboot`, subiri dakika mbili, ingia tena na uangalie `/proc/swaps`. Usiruke jaribio hili. Flashi ikikosekana wakati wa kuwaka, ruta itaendelea bila swapu, haitakwama.

Zram mbele, flashi nyuma

Kama una zote mbili, safu ya mwisho ya `/proc/swaps` ndiyo inayoamua nani ajazwe kwanza: namba kubwa hutangulia. Flashi umeipa 1. Ipe zram 100:

```
uci set system.@system[0].zram_priority='100'
uci commit system
service zram restart
cat /proc/swaps
```

Zikiwa na namba sawa, keneli huzigawia kurasa kwa zamu, na utakuwa unachosha flashi wakati zram ina nafasi.

Halafu punguza hamu ya keneli ya kukimbilia swapu. Kwa kawaida kiwango ni 60. Kwa flashi peke yake 10 inatosha. Ukiwa na zram mbele, iache ilivyo, kwa sababu zram ni nyepesi na ndiyo unayotaka itumike.

```
echo "vm.swappiness=10" >> /etc/sysctl.conf
sysctl -p
```

Faili la swapu badala ya patisheni

Kama flashi tayari ina mafaili kwenye ext4 na hutaki kuigawa upya, tengeneza faili. Utahitaji `kmod-fs-ext4`, na patisheni iwe imepachikwa, tuseme `/mnt/sda1`:

```
dd if=/dev/zero of=/mnt/sda1/swapu bs=1M count=256
chmod 600 /mnt/sda1/swapu
mkswap /mnt/sda1/swapu
swapon /mnt/sda1/swapu
```

Iwe `bs=1M count=256`, kamwe isiwe `bs=256M count=1`: `dd` huomba bafa ya ukubwa wa `bs` kwenye RAM, na RAM ndiyo uliyokosa. Usitumie njia za mkato za kuunda faili lenye mashimo. Swapu inakataa mashimo. Na usiliweke faili hilo ndani ya `/tmp`, ambayo yenyewe ni RAM.

Kwenye fstab, tumia `device='/mnt/sda1/swapu'` mahali pa `uuid`. Shida ni kwamba patisheni lazima ipachikwe kabla faili halijaonekana, na kwa flashi nzito hilo huchelewa. Ongeza kinga kwenye `/etc/rc.local`, juu ya mstari wa `exit 0`:

```
(sleep 30; swapon /mnt/sda1/swapu) &
```

Mahali ambapo umeme hukatika ovyo, patisheni inashinda faili. Swapu haina cha kupoteza umeme ukikatika, kwa kuwa kilichomo hakihitajiki baada ya kuwasha upya. Ext4 iliyokatiwa umeme katikati ya kuandika ndiyo inayoweza kukataa kupachikwa hadi ikaguliwe kwa `e2fsck`, na hapo faili lako la swapu linabaki limefungiwa ndani.

Kuijaribu

`/tmp` ikijazwa, RAM hubanwa:

```
dd if=/dev/urandom of=/tmp/jaribio bs=1M count=40
free
rm /tmp/jaribio
```

Hiyo ni kwa ruta ya MB 128; kwa MB 64 tumia `count=20`. Safu ya `used` kwenye mstari wa Swap ipande. Tumia `/dev/urandom`, si `/dev/zero`, maana zram hubana sifuri hadi karibu hakuna kitu na utadhani una RAM ya ajabu.

Kwa maisha ya kila siku, kiasi kilichotumika si kipimo cha afya. MB 60 zilizohamishwa na kusahauliwa ni jambo jema. Kinachoumiza ni mwendo wa kwenda na kurudi:

```
grep pswp /proc/vmstat
```

`pswpin` ni kurasa zilizorudishwa, `pswpout` zilizotolewa, tangu ruta iwake. Pima mara mbili kwa tofauti ya sekunde kumi, nyumba ikiwa na watu. Zikipanda kwa makumi machache, sawa. Zikipanda kwa maelfu kila mara, ruta inapiga danadana kurasa zilezile: punguza orodha za adblock, hamishia AdGuard Home kwenye kompyuta nyingine, au kubali kwamba ruta imezidiwa.

Yanayoharibika baadaye

Kuchomoa flashi swapu ikiwa hai ni kosa baya kuliko yote. Programu zenye kurasa zake kwenye flashi zitadondoka pindi zitakapozihitaji, na `dmesg` itajaa mistari ya `Read-error on swap-device`. Kabla ya kuchomoa andika `swapoff /dev/sda1` na usubiri ikamilike. Hurudisha kila kitu kwenye RAM, hivyo kama RAM haitoshi itakataa, au kuna programu itakayouawa. Zima zile nzito kwanza. Mistari hiyohiyo ya makosa ikitokea bila mtu kugusa kitu, flashi inakufa au umeme wa poti hautoshi. Badilisha adapta kabla ya kuilaumu flashi. Bandika pia karatasi juu yake, kwa sababu wa nyumbani ataiona flashi "haitumiki" na kuiazima apeleke nyimbo.

Baada ya kupandisha mfumo kwa `sysupgrade`, faili la `/etc/config/fstab` hubaki lakini vifurushi ulivyoongeza hufutika. Ruta itawaka vizuri, bila draiva ya flashi, bila swapu, na bila kukuambia. Sakinisha upya, au tumia imeji iliyojengwa na vifurushi vile ndani.

Mwisho, flashi hiyo hubeba vipande vya kumbukumbu za ruta, na ndani yake huweza kuwamo nywila ya WiFi au funguo za VPN. Siku ya kuistaafisha, isafishe yote kabla ya kumpa mtu:

```
swapoff /dev/sda1
dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=1M
```

Amri hiyo huisha kwa kulalamika kwamba hakuna nafasi tena, na ndivyo inavyotakiwa iishe.